Mke wa Karani wa Posho

Kiangazi cha mwaka huu kimekwisha na mikono yangu haikuchubuka. Hiki ni cha tatu mfululizo, kwa hiyo nimeona sasa naweza kuandika. Kabla ya hapo niliogopa kwamba nikisema nimepona, ugonjwa utanisikia na kurudi. Nilisoma miaka minne tu na mwandiko wangu si mzuri, lakini najua mahali fulani, katika kambi ya mkonge au nyumba ya mjini, kuna mwanamke ameficha mikono yake ndani ya kanga. Namwandikia yeye.

Jina langu ni Mwanaidi. Nilizaliwa Kinole, juu milimani, nikaolewa na Shabani, mtu wa Morogoro mjini, aliyekuwa karani wa posho katika shamba moja la mkonge kwenye njia ya Mikese. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, mkonge ulitafutwa sana, na kambi ilijaa manamba, yaani watu wa mkataba waliotoka mbali. Kila Jumamosi walipanga mstari mbele ya stoo, na Shabani akawapimia unga, maharage na chumvi. Alivaa kaptula iliyopigwa pasi na soksi ndefu. Hakuna aliyepita mbele yake bila kumwamkia.

Tulipewa nyumba ya matofali, vyumba vitatu, nikakaa humo na Shabani, binti yetu Asha, na mama yake Shabani, Bi Zena. Ilikuwa nyumba yenye sheria zake za chakula. Maharage yalikuwa ya manamba. Dona pia lilikuwa la manamba. Mchicha, kisamvu na majani ya maboga vilikuwa vya watu wasio na kitu. Sisi tulikula sembe iliyochekechwa mara mbili mpaka ikang'aa, chai ya sukari nyingi, mkate wa dukani, na mchuzi mwembamba wa vitunguu. Nyama ilipopatikana alikula Shabani na wageni wake, mimi nikachovya ugali kwenye kilichobaki. Sitaki kusema uongo: nilifurahi. Nilikuwa nimekua nikila kunde na magimbi, na sasa niliona nimepanda daraja.

Nilipopata mimba ya pili, mama yangu alituma kikapu kutoka Kinole: mayai, majani ya maboga, njugu na fiwi mbichi. Bi Zena alikipekua huku amekunja uso.

“Mayai mjamzito hali,” alisema. “Mtoto atatoka hana nywele. Na haya majani wape wale wa kambini, yatanuka humu nyumbani.”

Nikayapeleka kambini mwenyewe. Vikapu vingine vilikuja, navyo vikaenda huko huko.

Idi alizaliwa vuli. Nilimnyonyesha vizuri, lakini mwili wangu haukurudi. Nilichoka asubuhi kabla sijafanya kazi. Masika yalipokuwa yanaisha na jua kuanza kutoka, nikaona migongo ya mikono yangu imeiva nyekundu, kama nimeungua na mvuke wa sufuria. Nikapaka mafuta ya nazi. Baada ya wiki mbili wekundu ukawa weusi, ngozi ikakauka, ikapasuka kwenye vifundo, ikaanza kutoka kama gamba la kitunguu. Mpaka wa weusi ule ulikuwa kwenye kiwiko cha mkono, sawasawa, kama nimevaa glavu. Kisha shingoni ukatokea mwingine, ukanizunguka kama ukosi.

Siku moja nilimpelekea Bi Zena chai. Aliangalia mkono wangu ulioshika kikombe. Akakipokea, akakiweka chini, hakunywa. Jioni ile alimwambia mwanawe maneno ambayo sikuyasikia, na kesho yake Shabani akaenda kwa dresa wa kambi, Bwana Elia, aliyekuwa akifunga vidonda na kugawa kwinini. Dresa huyo alikuwa ameniangalia siku mbili kabla, mikono na ulimi, bila kuniambia kitu. Nilimsubiri Shabani mlangoni.

“Amesema nini?”

“Amesema upumzike. Usitoke juani.”

“Ni ukoma?”

Shabani alitoa leso mfukoni, akaikunja, akairudisha mfukoni. “Usitoke juani,” alisema.

Hivyo ndivyo nilivyoingia ndani. Chumba cha nyuma kilikuwa na kitanda cha kamba na dirisha moja, na dirisha hilo Shabani alilipigilia gunia la unga. Kwa tundu la gunia niliona kipande cha njia na kona ya stoo. Kipupwe chote nilikaa humo, kisha sehemu kubwa ya kiangazi. Nilijua saa kwa kengele ya kambi na kwa mtambo wa mkonge ulioanza kunguruma alfajiri. Harufu ya maji ya mkonge yaliyooza iliingia kupitia gunia na kulala nami.

Bi Zena alimchukua Idi. Alisimama mlangoni bila kuingia, akasema, “Mtoto nitamlea mimi. Si kwa ubaya, Mwanaidi. Na wewe ni mama, utaelewa.” Nilielewa. Maziwa yalijaa, yakauma, nikajifunga kanga kifuani mpaka yakakauka. Idi alilia upande wa pili wa ukuta siku nne, kisha akazoea uji wa sembe. Kuzoea kwake kuliniuma kuliko kilio.

Chakula changu kiliwekwa kizingitini. Kinywa kilikuwa kimekuwa kidonda. Ulimi ulivimba, ukawa mwekundu kama nyama mbichi, chai ikaniunguza hata ikiwa baridi. Nikaweza uji mweupe wa sukari tu, na kila nilivyozidi kuugua ndivyo nilivyozidi kupewa uji huo. Tumbo likawa haliwezi kuzuia kitu. Ngozi ya mikono ikawa inatoka vipande, na chini yake mwili uliokuwa haujawa tayari kukutana na hewa. Nilivifunga vidole kwa vitambaa ili Asha akichungulia asivione. Alikuwa na miaka sita. Alikuwa akikaa nje ya mlango na kuniimbia kaswida alizofundishwa chuo cha Kurani, na mimi nikimwitikia, mpaka siku moja niliposhindwa kukumbuka jina lake. Nilimwita kwa jina la dada yangu. Aliitika tu, akaendelea kuimba.

Mama yangu alikuja mara moja. Nilimsikia akibisha hodi, nikamsikia Shabani akimwambia nimekwenda Dar es Salaam kwa dada yake kupumzika. Mama aliuliza nitarudi lini. Akauliza mbona hakupelekewa habari. Akashusha kikapu, nikasikia ukindu ukilia sakafuni. Kati yangu na yeye kulikuwa na ukuta mmoja. Nilichukua ncha ya kanga nikaiuma, nisije nikaita. Nilidhani nina ukoma, na sikutaka mama yangu aubebe mpaka Kinole. Wengine wameniuliza mbona sikupiga kelele. Sina jibu jingine zaidi ya hilo.

Sikumbuki vizuri siku niliyotoka. Nilivyosimuliwa ni kwamba ilikuwa Jumamosi, mawingu ya vuli yameanza kukusanyika, na Bi Zena alikwenda kisimani bila kufunga mlango. Akili yangu ilikuwa imeshachanganyika. Nilidhani niko Kinole na kwamba mama amenituma. Nikachukua sufuria tupu, nikatoka na gauni la ndani na kanga moja, mikono wazi, nikaenda kusimama mwisho wa mstari wa posho.

Nakumbuka vumbi chini ya miguu. Nakumbuka watu wakijitenga mbele yangu, mstari ukipungua upesi ajabu, na mimi nikifurahi kwamba leo hakuna msongamano. Nikafika mezani. Shabani alikuwa ameshika kibaba. Nikamnyooshea sufuria kwa mikono ile.

“Nipe maharage, baba,” nilimwambia.

Alitazama ndani ya kibaba. Nikarudia. Meneja alikuwa kwenye baraza ya ofisi, aliona watu wamekimbia, akaja akaniangalia, akauliza huyu ni mke wa nani. Wanasema Shabani alichelewa sana kujibu. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nyuma ya lori, juu ya marobota ya mkonge, nikipelekwa hospitali ya serikali mjini.

Huko nilisubiri siku mbili kwenye benchi la nje. Kila mgonjwa aliyekuja alitazama mikono yangu akaenda kukaa mbali, nikabaki na benchi zima peke yangu. Siku ya pili alikuja mama mmoja mnene mwenye mguu uliovimba. Akaniangalia, akaangalia jua, akasema, “Sogea kidogo, mwanangu, nami nipate kivuli.” Akakaa, bega lake likagusa langu, akafungua kitambaa chake akaanza kumenya chungwa. Sikupata kumjua jina. Tangu masika hakuna aliyekuwa amenigusa.

Daktari alitazama mikono, shingo, kisha akaniambia nitoe ulimi. Aliutazama muda mrefu.

“Unakula nini?”

Nilijikaza nijibu kama mke wa karani. “Sembe, bwana. Chai. Mkate.”

“Na nini tena?”

“Na sukari.”

“Maharage?”

“Hapana. Mume wangu ana kazi nzuri.”

Aliandika. Kisha akamwambia muuguzi kwa Kiingereza, bibi wa Kizigua aliyeitwa Mariamu, maneno ambayo Mariamu alinitafsiria taratibu, mara mbili, maana mara ya kwanza sikuyapokea. “Si ukoma. Anasema si ukoma hata kidogo. Ni ugonjwa wa chakula. Mwili wako umenyimwa chakula.”

Walinitajia jina lake, pelagra. Nimelisikia mara chache tu baadaye. Kwangu mimi siku ile habari ilikuwa kwamba miezi yote ile ningeweza kumshika mtoto wangu.

Nilikaa wodini wiki tano. Wiki ya kwanza nilipewa vidonge vilivyonipandisha joto usoni, nikawaka mashavu na masikio kama nimeinama juu ya moto, kisha likapita. Nilipewa kikombe cha hamira iliyokorogwa, chungu, nikainywa nimeziba pua. Na nilipewa chakula: uji wenye karanga zilizotwangwa, maini ya kuchemsha, maziwa, maharage yaliyopondwa. Siku ya tatu Mariamu aliniletea yai. Nikakataa, nikamweleza mambo ya nywele.

“Una mimba?” aliuliza.

“Sina.”

“Basi nani hatakuwa na nywele?” Akalimenya mwenyewe, akalikata, akakaa pembeni mpaka nilipolimaliza.

Siku ya nne asubuhi nilikunywa mchuzi wa maini nikasikia chumvi. Nilishtuka. Nikaonja tena. Nilikuwa nimesahau kwamba ulimi ni wa kuonjea, kwa muda mrefu ulikuwa kidonda tu. Nilikunywa bakuli lile taratibu, nikamwomba Mariamu jingine, naye akacheka akaenda kulitafuta. Katika wiki ya pili nililala usingizi kamili. Katika ya tatu nilikumbuka majina ya watu wote, hata ya mbuzi wa mama. Ngozi nyeusi ilidondoka, na mpya iliyokuja ilikuwa laini kama ya mtoto.

Shabani alikuja Jumapili. Aliniletea mkate mweupe na sukari. Daktari alimwita pembeni, lakini si mbali, nikasikia.

“Mke wako anahitaji maharage, karanga, mayai, mboga za majani. Kila siku. Vidonge peke yake havitamlinda.”

“Kwangu chakula hakikosekani, daktari,” Shabani alisema. “Mimi ndiye ninayegawa.”

Mjomba Mloka, kaka yake mama, alikuja wiki ya tano. Habari zilikuwa zimefika Kinole kwa wauza ndizi. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba akija kwa mtoto wa dada yake huja na neno zito. Alikaa kwenye benchi na Shabani, kofia magotini.

“Mtoto wa dada yangu nampandisha kwao akapone,” alisema.

“Sawa, mjomba. Lakini wanangu wanabaki.”

“Wanao ni wa ukoo wetu pia.”

“Kwa sheria yetu sisi ni wa baba. Wanabaki.”

Mjomba aliniangalia. Nilikuwa siwezi kusimama bila kushika ukuta. Nikasema wabaki. Kwa hiyo nilitoka chumba kimoja nikaingia kingine kikubwa zaidi, maana mtu akiwa na watoto mahali asipoweza kufika, hata mlima wote humbana.

Kutoka Mkuyuni, gari lilipoishia, wanaume wawili walinibeba kwa machela. Mama alikuwa amesimama penye mto. Hakuuliza juu ya Dar es Salaam. Alishika mikono yangu, akaigeuza, akaitazama pande zote mbili, akaniambia, “Njoo ule.”

Nataka kueleza chakula kile, kwa sababu ndicho kilichonibadilisha, na kwa sababu nilikuwa nimekila utotoni bila kukiona. Mama hakuchuma mboga mpaka maji yawe yanachemka. Alitoka mlangoni na kisu, akarudi na majani ya maboga yenye umande bado, akayamenya nyuzi, akayatia chunguni na karanga za kuponda. Katikati ya shina na chungu hakukuwa na muda hata wa kumaliza mazungumzo. Nilipoyaonja niliacha kuongea. Yalikuwa na ladha ya udongo baada ya mvua, na utamu ambao haukutoka kwenye sukari. Nikamuuliza mama ameweka nini. Akanitazama kwa huruma, akidhani akili bado haijarudi.

Kuanzia hapo nilikuwa kama mtu aliyepata mchumba. Niliamka nikiwaza nitakula nini. Nilikula kunde changa nikiwa nimesimama shambani, zikivunjika mdomoni. Nilikula machungwa yaliyopata joto la jua mtini. Nilichemsha magimbi na maganda yake, nikachoma ndizi ambazo hazijaiva sawasawa, nikajaribu mnavu, ambao utotoni niliutema. Nilimwambia mama asiikaushe mboga motoni kwa muda mrefu, tukagombana jikoni, wiki nzima hakunipa mwiko. Nilitwanga mahindi nikakataa kuchekecha. Dona lile la kahawia, ambalo kambini nilikuwa nikilipita kwa kuinua pua, nililila na maharage mapya na kipande cha samaki wa mtoni, nikaona aibu ya miaka yote niliyojiona nimepanda daraja.

Lakini sikuwa huru. Kila kitu kizuri nilichotia mdomoni kilinikumbusha Idi na uji wake mweupe. Niliomba watoto waletwe hata siku mbili. Shabani alijibu kwa barua: niko mbali na mume, watu wanasema, nirudi kama nimepona, na nisije na tabia za shamba. Nilisoma barua ile nimekaa juu ya jiwe la mto. Nikiwa juu nilipona na kukosa wanangu, nikiwa chini ningewapata na kuugua. Masika yote nilizunguka humo, asubuhi nikiazimia kushuka, jioni nikiogopa.

Mwishowe Mjomba Mloka ndiye aliyenishusha. Alimkalisha Shabani kwenye baraza la nyumba yake mwenyewe.

“Mke wako amerudi,” alisema. “Atalima nyuma ya nyumba, penye maji ya bomba. Atapika anavyojua kwa ajili yake na watoto. Ukikataa, naondoka naye leo.”

Shabani alitazama njia, kama kuna mtu anasikia. “Alime,” alisema.

Idi alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Aliponiona alijificha nyuma ya miguu ya Bi Zena. Sikumlazimisha. Nililima, nikapanda mchicha, kunde, maboga, karanga, nikafuga kuku. Idi alianza kunifuata bustanini kwa sababu ya kuku, kisha kwa sababu ya kunde mbichi, kisha siku moja akaniegemea mgongoni wakati nimechuchumaa. Nilibaki nimechuchumaa mpaka magoti yakafa ganzi.

Nyumba ikawa na majiko mawili. Shabani na mama yake walikula sembe mezani, mimi na watoto dona na maharage mkekani. Bi Zena alikuwa wa kwanza kuvuka, aliacha kuficha kwamba anadokoa mboga yangu. Wanawake wa manamba nao walianza kuja. Mmoja alinionyesha mikono ya mwanawe. Nikaona mpaka ule mweusi kwenye kiwiko, nikakaa chini. Maharage waliyopewa walikuwa wakiyabadilisha kwa sukari na majani ya chai, wapate kunywa kama nyumba ya karani. Nikawapa mbegu. Wale wenye hali mbaya nilikwenda nao hospitali, nikakaa nao benchi moja.

Mwaka uliofuata Bwana Elia, dresa, alihamishwa. Alikuja kuaga, akasimama akitazama bustani.

“Umefanya vizuri, mama Asha,” alisema. “Laiti ungeanza mapema. Nilimweleza bwana wako tangu siku ile ya kwanza.”

“Ulimweleza nini?”

“Kwamba si ukoma. Kwamba ni chakula. Nilimwambia akupe maharage na karanga, na maini akiweza, na kama huponi aje nawe hospitali.” Kisha aliona uso wangu, akachukua mfuko wake, akaniaga upesi.

Shabani alirudi mchana. Nilingoja anawe mikono.

“Bwana Elia amekuja kuaga,” nilisema.

Alisimama na taulo mkononi.

“Ulijua,” nilisema.

Alikaa kitini. “Nilijua.”

“Ukaniacha nidhani ni ukoma.”

“Sikusema ni ukoma.”

“Niliuliza, ukakunja leso.”

Alilikunja taulo magotini. “Mimi ndiye niliyeshika kibaba, Mwanaidi. Meneja angesikia mke wa karani wa posho anaugua kwa kukosa maharage, angeuliza maharage yanakwenda wapi. Manamba wangesema nawaibia, au nakunyima. Maradhi mengine ni ya Mungu. Hayo yangekuwa yangu. Nilidhani ukipumzika utapona polepole, bila mtu kujua.”

“Mama yangu alifika mlangoni.”

“Najua.”

“Ulimchukua Idi kifuani kwangu.”

Alifunika macho kwa taulo. Sikulia, machozi yangu yalikwisha chumba cha nyuma. Kwa hiyo wewe unayesoma, kama kuna mtu amekwambia ukae ndani, muulize aliambiwa nini hasa na ni nani aliyemwambia. Kisha toka ukaulize mwenyewe, hata kama unajiona unatisha. Mimi ilibidi nipotewe na akili ndipo nitoke.

“Jumamosi utawaambia watu kwenye mstari,” nilimwambia.

“Nitapoteza kazi.”

“Basi nitasema mimi.”

Jumamosi nilisimama kando ya stoo, Idi mgongoni, ingawa alikuwa mzito sasa. Shabani aliweka kibaba chini kabla ya kumpimia mtu wa kwanza. Alisema mkewe hakuugua ukoma. Alisema aliugua kwa kula sembe na sukari tu, na kwamba yeye alijua akamficha ndani kwa aibu. Alisema wasiyabadilishe maharage yao, wayale, wayape na watoto. Yote aliyasema akiangalia meza. Mtu mmoja alicheka, akanyamaza alipoona hakuna anayemsaidia.

Mwanamke aliyekuwa mbele akamuuliza, kwa heshima kabisa, “Na wewe bwana karani, haya maharage unayakula?”

Shabani alimtazama. “Sijayala,” alisema.

Hakufukuzwa. Meneja ama hakusikia ama hakujali. Tunaishi bado nyumba ile, na wanaoniuliza kama nimemsamehe nawaambia kuna siku nimemsamehe na kuna siku napita mlango wa chumba cha nyuma nikaanza upya. Lakini mchana ule wa Jumamosi nilitangulia nyumbani, nikachochea moto. Alipokuja hakwenda mezani. Alivua viatu, akavuta soksi zake ndefu moja baada ya nyingine, akakaa mkekani kati ya Asha na Idi, magoti juu, kama mgeni asiyejua kukaa. Nikampakulia dona na maharage. Alikula mpaka sahani ilipokaribia kwisha.

“Huchemka muda gani?” aliuliza.

“Tangu ulipoondoka asubuhi,” nilimwambia, nikamwongeza.